Mbona Arsenal Si Ugeni?

Tamasha langu la kwanza la K-pop nilihudhuria sebuleni kwa bibi yangu, mtaa wa Langoni, Lamu, saa sita mchana. Ilikuwa Jumapili, tarehe 14 Juni 2020, na kule Seoul ilikuwa saa kumi na mbili za jioni. Skuli zilikuwa zimefungwa tangu Machi, harusi za watu hakuna, usiku kafyu. Tulikuwa wanawake kumi, jamaa na majirani. Tulichanga shilingi mia tatu tatu, na binamu yetu aliyeko Mombasa akatulipia tiketi kwa kadi yake ya benki. Tiketi moja, runinga moja, bando za simu mbili tukizipokezana. Ile Bang Bang Con ya BTS ilidumu kama dakika 100. Waandaaji walitangaza baadaye kwamba watazamaji wa wakati mmoja walifika 756,600. Sisi kumi tulihesabiwa mmoja.

Nayaeleza haya kwa sababu tangu siku ile nimesikia barazani, matangani, hata mlangoni mwa duka la vitambaa, kwamba wasichana wa Lamu "wamepotea kwa Wakorea". Mjomba mmoja, mtu mzima nimheshimuye, aliniuliza mbele za watu: "Mwana wangu, hata lugha yao huijui, wamwimbiani?" Watu wakacheka. Siku hiyo mjomba alikuwa amevaa jezi ya Arsenal.

Hebu tuanzie hapo. Kila wikendi ya msimu wa mpira, mji huu wa punda na vichochoro hugawanyika kwa ajili ya vilabu vya Uingereza. Watu wazima hununiana kwa sababu ya penalti iliyotolewa Manchester. Sijapata kusikia mtu akisema wanaume wa Lamu wamepotea kwa Waingereza. Na Mwingereza, tukumbushane, ndiye aliyetutawala. Mkorea hajatutoza hata kodi ya kichwa. Basi neno si ugeni. Kama lingekuwa ugeni, jezi ile ingevuliwa kwanza.

Halafu wanatuletea taarabu. "Rudini kwenye chenu." Sawa, turudi. Juma Bhalo, ambaye hakuna harusi ya pwani isiyomjua, aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya sinema za Kihindi. Mama zetu walizijua nyimbo za Bombay kwa moyo bila kujua maneno yake, wakalia machozi ya kweli. Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa hapa Lamu, akashika udi na njia ya Kiarabu. Nayo Uarabuni si Shela. Kabla yao, wazee wa beni walivaa sare za kuigiza jeshi la Mzungu, wakapiga tarumbeta na kupeana vyeo, na mitaa ikashindana. Hata Mwana Kupona alipomwandikia binti yake utenzi, aliuandika kwa herufi zilizokuja na merikebu. Mpwa wangu ana miaka kumi na sita na anasoma Hangul, herufi za Kikorea, alizojifunza mwenyewe kwa simu katika ile miezi ya kufungiwa. Katika ukoo wa watu waliojua kusoma lugha tatu nne, huyu ndiye mpotevu?

Aliyenifungua macho ni bibi. Alikaa kwenye kiti chake cha mpingo, tasbihi mkononi, akatazama wimbo wa kwanza akiwa amekunja uso. Akauliza: "Hawa ni waume au ni wake?" Tukamwambia ni waume. Akanyamaza. Wimbo wa tatu akaanza kuwakosoa. Yule wa kushoto amechelewa mguu. Yule wa katikati anajiona. Mbona nguo hazikufanana sare? Tukamuuliza anayajulia wapi haya, ndipo akasema alicheza lelemama ujanani. Walisimama safu moja, nguo za namna moja, na ole wake atakayekosea mkono.

Mimi lelemama nilikuwa nimeisoma tu. Najua vyama vya Mombasa kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa nyimbo, mavazi na karamu, wanawake wakichanga pesa zao wenyewe, wakichagua viongozi wao wenyewe, wakitungiana mafumbo ya kuchoma. Na wao walisemwa vivyo hivyo: upuzi, israfu, kuiga. Leo tunaita urithi. Bibi akachukua sinia na kijiko, akatupigia mapigo chini ya sauti ya Wakorea saba, na nakwambia mapigo yaliingia. Tulicheza kumi sote. Mwenye miaka kumi na moja na mwenye sabini na kitu.

Sitaki kudanganya kwamba kila kitu ni halali tupu. Biashara ile ni ngumu. Vijana wanafunzwa miaka mingi kabla hawajapanda jukwaani, na pesa yetu ndogo inakwenda mbali. Ule weupe wa nyuso unanikera, na namjua msichana aliyeanza mkorogo kwa sababu yake. Lakini mkorogo ulikuwa madukani kabla BTS hawajazaliwa, na waliotufundisha kwamba mweupe ndiye mzuri walikuwa wanakuja posa, hawakuwa wanakuja na gitaa.

Kinachowaudhi ni kwamba tulikuwa pamoja, tunapiga kelele, bila harusi ya mtu kutupa ruhusa. Mvulana wa Lamu ana baraza, ana gati, ana kiwanja, ana ukumbi wa kutazamia mpira. Mji wetu uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, na kwenye tamasha la kila mwaka kuna mbio za punda, mbio za majahazi, kuogelea. Mwanamke anayepigwa picha hapo mara nyingi ni kiganja chenye hina. Ukitoa harusi na maulidi, niambie msichana wa miaka kumi na sita aende wapi Jumapili mchana kuimba na shoga zake. Hukumjengea pa kwenda, halafu wamlaumu Seoul kwa kumkaribisha.

Niliomba ukumbi. Alasiri moja kwa wiki, wanawake watupu, milango imefungwa, lelemama na Wakorea wote waje. Nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Nikaambiwa ipelekwe nakala tatu. Nikapeleka. Nilipopita kuulizia mara ya mwisho ilikuwa Jumamosi, na hakuna aliyenisikia nikibisha, maana ndani walikuwa wamefunga bao.