Picha Nzuri Ina Maji Chini Yake

Wiki hii mapenzi na mavazi tuyaweke kando kidogo, twende zetu Forodhani, Mji Mkongwe, Unguja. Kama hujawahi kufika pale jioni maji yakiwa yamejaa, basi hujaona raha ya bure. Vijana wanatoka mbio, wanaufikia ukuta, halafu hao! Mmoja kichwa chini, mwingine kajikunja kama kamba, mwingine na suruali yake. Chubwi! Watu pembeni na juisi zao za miwa wanashangilia. Mimi pale ndipo nilipojifunzia kuogelea, na nikichoka kuchupa natoa kamera.

Kamera yenyewe usiicheke. Ni Pentax K1000, ile iliyoanza kutengenezwa 1976 ikaachwa 1997, kwa hiyo imenizidi umri. Chuma kitupu! Betri yake kazi yake ni kupima mwanga tu. Ikifa, kamera inafyatua kama kawaida. Lenzi ni ya milimita 50, haivuti mbali wala karibu. Ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, tembea umfuate. Washkaji wenye simu wanafyatua picha 20 kwa mruko mmoja. Mimi nina moja tu, maana mkanda nausogeza kwa kidole gumba, na picha 36 zikiisha zimeisha, bado hela ya kusafisha. Lakini naizimia kamera hii, kwa sababu inanilazimisha kungoja.

Nikupe siri ya mjini. Usimpige mtu akiwa anaanguka. Anayeruka kwa mbio hupanda kwanza, na akifika juu kabisa anasita kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu. Hapo ndipo pa kufyatua! Spidi weka 1/1000, ndiyo mwisho wa kamera yangu. Mwanga ukiupimia angani upande wa jua, mchupaji anatoka mweusi tii, umbo tupu. Ukitaka sura yake ionekane, sogea upimie usoni.

Sasa noma iko wapi? Noma iko kwenye saa. Bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji pale hujaa kiasi cha saa 10 jioni. Jua bado kali, picha inakuwa ya kawaida tu. Mwanga mtamu, ule wa rangi ya chungwa, unakuja saa 12. Na saa 12, ndugu yangu, maji yameshaanza safari! Saa ya kwanza yanatoka kidogo, ya pili yanaongeza, ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia kabisa. Kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua ni zaidi ya mita 3. Kwa hiyo anga inavyozidi kupendeza juu, ndivyo kina kinavyozidi kupungua chini. Mwenye kamera anatazama juu. Nani anatazama chini?

Jumamosi moja nilimwona mgeni na likamera lake kubwa, noti mkononi, anamwambia mtoto wa kama miaka 12, “Bado moja tu, kichwa chini!” Wenzake walikuwa wameshaacha kuchupa, wanajikausha. Mtoto anaiangalia noti, anaangalia maji. Mzee mmoja wa ngalawa akadakia: “Maji yashatoka hayo, bwana. Ruka wewe kwanza.” Watu wakacheka, mgeni akarudisha noti mfukoni, mtoto akaenda kutafuta shati lake.

Mimi sikucheka sana. Ukigonga kichwa mchangani kwenye maji ya kifuani, shingo inaweza kuvunjika, ukabaki kitandani maisha yako yote. Hakuna picha yenye thamani hiyo, hata ikitundikwa kwenye hoteli ya nyota 5. Na usidhani ni wageni peke yao. Siku hizi kila mtu ana simu, na “rudia, sikukupata vizuri” tunaisema sisi kwa sisi.

Dawa ipo, tena haiuzwi. Kila siku maji huchelewa kujaa kiasi cha dakika 50. Hesabu basi! Siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu, au baada ya mwezi kuandama, maji yanajaa saa 11 na kitu, kuelekea 12. Maji tele, jua limeshuka upande wa bahari, vijana wana mzuka. Vyote vinakutana bila kumlipa mtu noti. Ukikosa siku hizo, ngoja kama wiki mbili, zitarudi.

Na ukifika, waulize wachupaji kwanza, maana wao wanajua mawe yalipo kuliko wewe na lenzi yako. Wakiacha kuruka, na wewe funga kamera, ipanguse chumvi, ukale urojo. Ukisafisha picha, mpelekee na mwenyewe nakala yake. Ile shingo ni yake, siyo yako.

Haya, mie naangalia mwezi. Tukutane wiki ijayo!