UMEBADILISHA INJINI? ANDIKA KWENYE TANGAZO!

Wauzaji wenzangu, leo naongea na wanaouza magari ya zamani mtandaoni, hasa Land Rover. Hata kama wewe unauza simu au cherehani, soma mpaka mwisho.

Naona sana matangazo ya hivi: Land Rover Series III, orijino kabisa, haijaguswa. Ukiangalia picha ya chini ya boneti unakuta Tdi. Ndugu yangu, hiyo imeguswa!

Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Injini yake ya petroli iliyozoeleka ni ya cc 2,286, nguvu farasi 70 hivi. 200Tdi ilitoka 1989. Ni dizeli ya cc 2,495 yenye turbo, na nguvu yake inavuka farasi 100. Mteja anayejua magari atakukamata kwa picha moja tu.

Mimi sipingi kubadilisha injini. Gari inapanda mlima vizuri na inakula mafuta kidogo. Ninachopinga ni kuficha. Sababu zangu ni tatu.

Kwanza, injini haifanyi kazi peke yake. Giaboksi na shafti za nyuma za Series zilitengenezwa kwa nguvu ndogo. Ukikanyaga kwa fujo, zinakatika. Difu nazo ni za mwendo wa taratibu, kwa hiyo barabara kuu injini inalia sana. Ndiyo maana mafundi wengi wanafunga difu za Range Rover ya zamani. Na gari inayokimbia zaidi inataka breki za kuisimamisha. Kama kazi hiyo umeifanya, itaje, maana hapo ndipo pesa yako ilipoenda. Kama hujaifanya, mwambie mteja apige hesabu zake mapema.

Pili, makaratasi. Kadi ya gari ina namba ya injini. Kadi ikisema petroli wakati gari inakunywa dizeli, mnunuzi atakwama siku ya kubadilisha umiliki. Nenda TRA (Kenya ni NTSA) urekebishe taarifa kabla ya kuposti, siyo baada ya kupokea advansi.

Tatu, wateja wako ni wa aina mbili. Kuna anayetafuta gari kama ilivyotoka kiwandani, na kuna anayetaka ya kubebea mzigo shamba. Wa kwanza hatanunua Tdi hata umbembeleze vipi. Wa pili anaitafuta hiyo hiyo! Ukiandika "orijino" unampoteza huyu, na yule mwingine atakuja, ataangalia, ataondoka akikusema vibaya.

Halafu ile injini ya zamani usiikimbize kwa wauza skrepa. Iweke, uiuze pamoja na gari. Anayependa uorijino anaweza kuirudisha.

Sasa wewe wa simu: kioo umebadilisha? Sema. Wa cherehani: umefunga mota? Sema, na sema nani kafunga. Mimi naamini kitu kilichobadilishwa vizuri ni sifa ya kutangaza. Ukikificha, mteja akija kukigundua mwenyewe, hata yale ya kweli uliyosema hatayaamini tena.

Wewe unaonaje? Ukiuza kitu kilichobadilishwa, unasema kwenye tangazo au unasubiri kuulizwa? Tuambie hapo chini.