Mbio za Saratani ya Ngozi: Majibu kwa Hoja Sita za Kambi Muru

Sema Kambi Muru, mtaani Kibera, kwamba watu wakimbie marathoni, kilomita 42 na mita 195, wachangishe pesa za kuhamasisha umma kuhusu saratani ya ngozi, na utapingwa papo hapo. Utapingwa kwenye foleni ya maji, utapingwa kwa kinyozi, na ukivuka hadi Kawangware utayasikia yale yale. Wanaopinga si watu wabaya. Kibera imeona miradi mingi ikija na kamera na mabango, kisha ikaenda zake na kuacha mabango. Wakazi wamejifunza kuuliza kabla ya kupiga makofi.

Maswali yao yana haki ya kujibiwa, na nayajibu hapa moja baada ya jingine, kwa sababu naamini mbio hizi zina faida zaidi mtaani kuliko zinavyodhaniwa. Saratani ya ini au ya tumbo hujificha ndani mpaka mashine iitafute. Ya ngozi hukaa nje, mahali ambapo mama mzazi, msusi au fundi viatu anaweza kuiona. Pasipo na mashine, jicho lililofundishwa lina thamani kubwa zaidi.

"Kansa ya ngozi ni ya wazungu."

Kuna ukweli hapo. Melanini, ile rangi inayotufanya weusi, huikinga ngozi dhidi ya miale ya jua, ndiyo maana ugonjwa huu umewaandama wazungu wa Australia zaidi kuliko sisi. Lakini jambo kuwa nadra hakulifanyi lisiwepo. Melanoma, aina mojawapo ya saratani ya ngozi, inapowapata watu weusi mara nyingi haina uhusiano na jua: huanzia kwenye wayo, kwenye kiganja au chini ya ukucha. Bob Marley, ambaye sura yake imechorwa kwenye kuta na matatu za Nairobi, alifariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Ugonjwa wake ulianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, na mwanzoni ulidhaniwa kuwa jeraha la mpira. Vijana wanaojua nyimbo zake zote kwa moyo wengi hawajaambiwa kilichomuua.

Kuna aina nyingine, na hii inatuhusu zaidi. Huota juu ya makovu ya moto na vidonda ndugu. Mtazame mama anayekaanga chapati kando ya njia. Miaka mingi iliyopita mafuta ya moto yalimmwagikia muundi, pakabaki kovu linalong'aa na kukaza. Sasa kovu limepasuka katikati. Asubuhi hulifunga kitambaa, jioni akikibandua kimelowa na kunata. Amekizoea kidonda hicho kama alivyouzoea moshi. Hajui kwamba kidonda kinachokataa kupona kwa miezi, kingo zake zikianza kuinuka na kuwa ngumu, kinaweza kuwa kimegeuka saratani. Katika chumba kimoja chenye stovu ya mafuta taa, kitanda na watoto wanne, makovu ya moto si jambo la ajabu. Mtu wa Kambi Muru ana sababu zake za kuujua ugonjwa huu, na hazifanani na za mzungu wa ufukweni.

Elimu yenyewe si nzito. Watu weusi wengi wana mistari ya weusi kwenye kucha kadhaa, na hiyo si ugonjwa. Wa kutiliwa shaka ni mstari mpya, ulio kwenye ukucha mmoja, unaozidi kupanuka au unaotia weusi kwenye ngozi ya pembeni. Doa la wayoni linalokua au kubadilika rangi, nalo lionyeshwe daktari. Kidonda cha miezi kadhaa kisichofunga, vivyo hivyo.

"Basi hiyo ni shida ya wenye ualbino, na serikali inawapa mafuta."

Wenye ualbino ndio walio hatarini zaidi kwa upande wa jua, hasa usoni, masikioni, midomoni na shingoni. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu 9,729 nchini Kenya. Ni kweli pia kwamba serikali, kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, huwagawia losheni ya kukinga jua. Huo ni ushindi uliopiganiwa, na mtu asiubeze.

Lakini losheni ina masharti. Hupakwa kabla ya kutoka, hupakwa tena kila baada ya saa mbili hivi juani, na haichukui nafasi ya kofia pana na mikono mirefu. Mtoto mwenye ualbino akisimamishwa gwaride uwanjani, akaambiwa avue kofia kwa kuwa si sehemu ya sare, chupa iliyo nyumbani haimsaidii. Anayehitaji kufunzwa hapo ni mwalimu. Mjini Moshi, Tanzania, losheni ya Kilisun ilibuniwa katika kituo cha mafunzo ya ngozi kilicho hospitali ya KCMC mahususi kwa wenye ualbino, na ugawaji wake umeenda sambamba na kuwapima ngozi na kuwafunza namna ya kuitumia. Dawa na maarifa vilitembea pamoja. Maarifa hayo ndiyo ambayo mbio zinaweza kuyalipia.

"Kukimbia juani ndiko kujitafutia kansa."

Hoja hii ina akili. Utafiti wa Austria uliochapishwa mwaka 2006 uliwakuta wakimbiaji wa marathoni na alama za ngozi za kutiliwa shaka nyingi kuliko wenzao wasiokimbia. Hao walikuwa wazungu, lakini Nairobi iko karibu na Ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, na miale yake ni mikali hata siku ambayo hatuhisi joto.

Jibu ni kupanga saa. Jua huwa baya zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mbio zianze alfajiri, wengi wakimbie kilomita 10 au 21, na wanaokwenda marathoni nzima wavae kofia na fulana za mikono mirefu. Wakimbiaji wenye ualbino wapakwe losheni kabla ya kuondoka na tena njiani, kwenye vituo vya maji. Watazamaji wakiyaona hayo watakuwa wamefunzwa bila hotuba. Mbio za saratani ya ngozi zinazoanza saa nne zitakuwa zimejipinga zenyewe.

"Mbio hazitibu mtu. Pesa huishia kwenye tishati."

Hapa wanaoshuku wana hoja yenye uzito kuliko zote, na nisiikwepe. Kuna mbio zilizozaa matunda: Mater Heart Run, iliyoanza mwaka 1993, imechangia upasuaji wa watoto wenye maradhi ya moyo. Kuna pia somo la kampeni ya Beyond Zero. Mwaka 2014 Margaret Kenyatta, mke wa rais wakati huo, alikimbia marathoni ya London, na kampeni yake ikapeleka kliniki za magari katika kaunti. Baadaye vyombo vya habari viliripoti kwamba baadhi ya magari hayo yalikuwa yameegeshwa bila kazi. Pesa zilikuja na magari yakanunuliwa, lakini wa kuyaendesha, kuyawekea mafuta na kuyajaza dawa hakupangwa mapema.

Kwa hiyo sharti liwe hivi: kabla ya mtu kulipa ada, waandaaji watangaze ni kiasi gani kitaenda kwenye tishati na jukwaa, na ni kiasi gani kitafika mtaani. Kinachofika mtaani kitumike kwa watu kabla ya vyuma. Mnamo Septemba 2023 Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaopita nyumba kwa nyumba. Wao tayari wanapiga hodi. Kuwafunza kutambua doa la wayoni na kidonda ndugu kilichobadilika hakuhitaji gari wala jengo.

"Kambi Muru ina shida kubwa kuliko hiyo."

Inazo. Maji ya kununua kwa mtungi, vyoo vichache, moto unaoteketeza safu nzima ya nyumba, virusi vya UKIMWI. Ila tazama jinsi shida hizo zinavyofika kwenye ngozi. Moto huacha makovu. Maji yakiwa haba, kidonda hakioshwi ipasavyo. Mwenye virusi asiyetumia dawa yuko hatarini kupata saratani ya Kaposi, ambayo mara nyingi hujitangaza kwa madoa ya zambarau au kahawia mwilini, na kuyatambua mapema humrudisha mgonjwa kliniki wakati bado anaweza kusaidika. Anayefundishwa kuisoma ngozi anafundishwa pia kumwona jirani anayedhoofika. Hatumwibii mwenye kiu maji yake tukimwambia aangalie nyayo za mwanawe.

"Nikijua, nitafanya nini bila pesa?"

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na nalijibu kwa uzito wake. Saratani nyingi za ngozi zikigunduliwa zikiwa ndogo hutolewa kwa upasuaji mdogo: sehemu inatiwa ganzi, nyama inakatwa, inapelekwa maabara, na mara nyingi mgonjwa hulala kwake siku hiyo hiyo. Zikicheleweshwa, habari hubadilika na kuwa kukatwa mguu, tiba ya miale, dawa kali, na safari za kila wiki Hospitali ya Kenyatta huku kibanda kimefungwa. Maskini ndiye asiyeweza kumudu kuchelewa. Hospitali ya Mbagathi iko jirani na Kibera, na hatua ya kwanza ni kufika na kusema wazi: kidonda hiki kina miezi sita, naomba kipimwe. Wengi hupewa malhamu tu wakarudishwa nyumbani kwa sababu hawakujua sentensi hiyo.

Ndiyo maana naziunga mkono mbio hizi, kwa masharti niliyoyataja. Naongeza moja: kwenye utepe wa mwisho pasimame hema lenye madaktari wa ngozi, na kila anayemaliza avue viatu, aonyeshe nyayo, viganja na kucha kabla ya kupewa medali. Wakazi waliokuja kutazama nao wapite humo bila malipo, na atakayekutwa na dalili aondoke na barua ya hospitali na namba ya mhudumu wa kumfuatilia. Mpinzani naye namwomba aje siku hiyo. Aulize hesabu za pesa mbele ya watu, na akishajibiwa, aingie hemani akaguliwe.