Kipandikizi Si Mtoto

Kila Novemba, hapa Raleigh, North Carolina, naanza kuulizwa swali lilelile na wenzangu wanaofuga Dionaea. (Nasema kufuga maanake mmea unaokamata nzi kwa taya umestahili kitenzi cha mnyama.) "Vile vipandikizi vya mwezi wa sita tuviingize ndani? Si bado ni vidogo?" Jibu wanalolitaka ni ndiyo. Silitoi.

Hoja yao yote imesimama juu ya neno moja: mtoto. Eti mtoto haachwi kwenye baridi. Sawa, lakini kipandikizi ni mtoto wa nani? Ulinyofoa jani pamoja na ule weupe wake wa chini, ukalilaza juu ya piti, yaani udongo wa mabwawani, na baada ya wiki kadhaa pakachipuka vijimea. Hakuna mbegu hapo, wala hakuna baba. Ni mmea uleule wa zamani, uliokwisha kupita vipupwe vyake nje, sasa umeanza tena ukiwa na mwili mdogo. Kinachopungua ni akiba tu. Shina lake la chini, linalohifadhi chakula, halijanenepa, na kikopo kidogo huganda na kukauka upesi kuliko ardhi. Basi kikinge kisigande na kisikaukie upeponi. Kukikinga na baridi yenyewe ni jambo jingine kabisa, na ndipo watu wanapopotea.

Hebu itazame sebule ya Desemba. Hita inanguruma, nyuzi 22, hewa kavu kama ya Lodwar. Dirishani mchana haufiki saa 10, na mwanga wenyewe ni hafifu. Joto linauambia mmea uamke, mwanga unauambia ulale. Utatii lipi? Unatoa majani marefu, membamba, yaliyopauka, huku ukila akiba usiyoweza kuirudisha. Kufikia Februari ukungu wa kijivu umeingia, na mwenyewe ananiambia, "Lakini nilikitunza sana!" Kweli alikitunza.

Wapo wanaonijibu kwamba wakuzaji wengi hurusha kipupwe cha kwanza makusudi ili mmea ukue haraka. Wanafanya hivyo, na wanafaulu. Lakini hao wana taa kali zinazowaka saa 14 hadi 16 kila siku. Wameupa kiangazi kamili. Wewe umeupa nusu kiangazi, nusu kipupwe, halafu unajitetea kwa jina lao!

Kinachotakiwa wala si kigumu. Veranda isiyo na hita, nyuzi kati ya 0 na 10, miezi 3 au 4. Piti iwe na unyevu bila kusimama majini, na maji yawe ya mvua. Majani yaliyokuwa meusi kata. Usiku wa barafu kali, funika kwa majani makavu ya msonobari, ambayo huku yamejaa kila ua. Kitaonekana kimekufa. Jameni, kiache. Mfugaji wa Nairobi, ambako mchana ni saa 12 mwaka mzima, hana budi kukilaza kwenye friji. Sisi tumepewa friji ya bure nje ya mlango, na bado tunakimbilia hita.

Na si suala la kikopo chako pekee. Porini, Dionaea huota kwa asili sehemu moja tu duniani, kwenye nyika chepechepe za misonobari zilizo ndani ya takriban kilomita 160 kutoka mji wa Wilmington, mwendo wa saa mbili na ushee kutoka hapa. Wizi ulizidi hadi mwaka 2014 jimbo likaufanya kosa kubwa la jinai katika kaunti za huko. Najua mimea mingi ya madukani huzalishwa maabara. Lakini mwizi bado ana soko, na sokoni humo yumo mtu ambaye kila Machi anatafuta mmea mwingine kwa sababu wa mwaka jana ulifia dirishani. Kipandikizi kilichovuka kipupwe hutoa majani, na jani moja laweza kutoa vijimea kadhaa vya kumgawia jirani bila yeyote kwenda kuchimba bwawani.

Kwa hiyo mwaka huu nimeweka sharti. Anayetaka jani kutoka kwangu aniambie kwanza kipandikizi chake kitalala wapi Desemba. Akisema sebuleni, simpi.