Nguvu ya moteri ianzie kwenye freni



Jumamosi mchana, watu wakitoka kazini, ukipita kambini hutakosa lupango moja ambamo moteri imeshushwa. Imekaa juu ya pine kuukuu, vijana wameizunguka, na kando yake inangoja Corolla ya zamani ao Coccinelle ya baba mkubwa. Mwenye gari anataka nguvu zaidi. Ametafuta kabirateri ya pili, amechonga kichwa cha moteri ili kishindilie hewa zaidi, sasa anaulizauliza bei ya shafti ya kamu.

Kuna watu wa afya wanaosema kazi hiyo ikatazwe. Mimi sikubali. Anayejua kufungua moteri na kuirudishia nguvu ni fundi, na mgodi unaishi kwa mafundi. Lakini siku ile lupango yako imekuwa atelie. Mtu yuleyule ambaye kazini hashiki tindikali bila glavu, nyumbani anavuta esansi kwa mdomo, mtoto amesimama karibu anatazama. Hapo ndipo nina neno.

Kwanza habari ya gari moja ambayo wazee wanaikumbuka. Renault 8 ilitoka Ufaransa mwaka 1962, gari dogo la jamaa, moteri nyuma, sentimita kibo 956. Mwaka 1964 ikatoka nyingine ya rangi ya buluu yenye mistari miwili myeupe, iliyopita katika mikono ya Amédée Gordini. Mzee huyu alizaliwa Italia, akafanya kazi Paris, na Wafaransa walimwita Mchawi. Uchawi wake ulikuwa kuipa moteri pumzi. Alitengeneza kichwa kingine, hewa ikaingia upande mmoja na moshi ukatoka upande wa pili, akaweka kabirateri mbili, ukubwa ukafika sentimita kibo 1108. Nguvu ikawa farasi wapatao 90, karibu mara mbili ya ile ya kawaida.

Wanaosimulia habari hii hapa kambini wanasahau jambo moja. Renault 8 ilikuwa na freni za disiki kwenye magurudumu yote manne tangu 1962, kabla Gordini hajaigusa. Nguvu ilikuta freni inaingoja. Sisi tunafanya kinyume: tamburi za zamani zimekwisha, mafuta ya freni hayajabadilishwa tangu gari linunuliwe, na feza yote imekwenda kwenye kabirateri.

Piga hesabu mwenyewe. Katika barabara nzuri na kavu, gari lenye freni nzima likienda kilometa 60 kwa saa linasimama karibu mita 20 baada ya kukanyaga pedali. Kwa kilometa 120 si mita 40. Ni 80, maana mbio zikiongezwa mara mbili, njia ya kusimama inaongezeka mara nne. Tena sijahesabu muda wa mguu kufika kwenye pedali, wala udongo mwekundu wa wakati wa mvua, wala watoto wanaotoka shule saa sita.

Sasa tufike kwenye kabirateri, maana hapa fundi na mganga wanatafuta kitu kimoja. Lubumbashi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1200, Kolwezi zaidi ya 1400. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya nane. Kabirateri iliyopangwa kwa hewa nzito, ukiileta huku, inamwaga esansi kupita kiasi. Ili esansi iungue yote, kilo 1 inataka hewa kilo 14 na zaidi kidogo. Kwa nguvu kubwa fundi anaipunguza hewa ifike kama kilo 12 na nusu ao 13, si chini ya hapo. Dawa yake ni jikleri ndogo zaidi, ile misumari mifupi ya shaba na zinki yenye tundu katikati. Fungua buji baada ya mwendo: ikiwa nyeusi kama masizi, esansi ni nyingi, ikiwa na rangi ya udongo, ni vizuri, ikiwa nyeupe kabisa, hewa imezidi, na pistoni inaweza kutoboka. Wengi wanaona moshi mweusi wanafikiri ni nguvu. Hiyo ni esansi yako inatupwa, nayo inaosha mafuta kwenye kuta za silinda mpaka moteri inakufa mapema.

Na moteri ya namna hiyo inatoa kwa wingi gesi ya kaboni monoksidi. Wanaofanya kazi chini wanaijua: ni mojawapo ya sababu tunangoja hewa isafishe njia baada ya kulipua baruti, kabla ya mtu kuingia. Haina harufu wala rangi. Fundi anapanga moteri ndani ya garaji iliyofungwa kwa sababu ya mvua, ao bomba la moshi limetoboka chini ya viti, na jioni kichwa kinauma, anataka kutapika, miguu haina nguvu. Nyumbani wanasema ni malaria. Kama watu wawili ao watatu waliokuwa mahali pamoja wanaumwa kichwa saa ileile, watoeni nje kwenye hewa kwanza, kisha waleteni, na mtuambie moteri ilikuwa inawaka. Usiwashe moteri ndani, hata mlango ukiwa wazi nusu.

Jambo linalonisumbua kupita yote ni tiyo mdomoni. Esansi ni nyepesi, inakimbia kuliko maji. Ikiteleza kidogo tu kwenye njia ya hewa, inatawanyika ndani ya mapafu na kuyaunguza. Mtu anakohoa, anacheka, anaendelea na kazi; saa chache baadaye anahema mbio na ana homa. Tulipokea mtoto wa miaka mitatu aliyekunywa esansi katika chupa ya limonadi. Nkambo yake, kwa upendo mtupu, alimnywesha mafuta ya ngazi ili atapike. Akatapika, na katika kutapika esansi ikaingia mapafuni. Alikaa siku sita kwenye oksijeni. Kwa hiyo: aliyekunywa esansi asitapishwe, asipewe mafuta wala maziwa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, umlete mara moja, hata kama anaonekana mzima. Na esansi isiwekwe kamwe katika chupa ya kinywaji. Pompu ndogo ya mkono si ghali kuliko hiyo kabirateri ya pili.

Kisha moto. Nimeona nyuso na mikono iliyoungua, na mara nyingi sababu ni ileile: moteri haikubali kuwaka, mmoja anamwaga esansi kwa kopo katika koo la kabirateri, mwingine anageuza ufunguo. Kama saa ya moto wa buji haijapangwa vizuri, ndimi zinarudi juu kupitia kabirateri na kukuta kopo mkononi. Jaza bakuli la kabirateri kwa pompu, rudisha chujio la hewa mahali pake, uso uwe mbali, ndipo uwashe. Jueni pia kwamba mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa: unatambaa chini, polepole, mpaka kwenye mbabula ambapo mama anapika bukari, na moto unarudi kwa njia ileile. Weka ndoo ya mchanga karibu. Maji yanaitembeza esansi inayowaka. Maji ni ya mtu: aliyeungua mwagilie maji safi ya baridi kwa dakika 20, bila dawa ya meno, bila mafuta.

Mengine kwa ufupi. Esansi si sabuni. Ina benzeni, ambayo inaharibu damu kwa miaka, polepole. Vumbi la freni za zamani usilipulize, linaweza kuwa na amyanti; lifute kwa kitambaa chenye maji. Na kichwa cha moteri ya zamani, kama hakijafunguliwa tangu wakati wa esansi yenye risasi, iliyoachwa katika Afrika ya kusini ya Sahara mwanzo wa 2006, ule ukoko wake ulowanishe kabla ya kuukwangua. Moteri ya namna hiyo inataka pia viti vigumu vya valvu, maana ile risasi ndiyo iliyokuwa inavilinda.

Kazini mtu akiona hatari ana haki ya kusema kazi isimame, na shefu hamwulizi cheo chake. Katika lupango haki hiyo naona ni ya mama wa nyumba. Yeye ndiye anajua mtoto amelala wapi na mbabula iko wapi. Akisema bido iondolewe, iondolewe, hata kama vijana wa jirani wanacheka. Najua wanaume wengine hawatapenda maneno haya. Lakini mtoto akiungua, ni mama anayelala naye hospitalini.

Na feza ikitosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua bitambaa vya freni na mafuta yake mapya. Kabirateri ya pili ingoje mshahara mwingine. Siku ya kujaribu gari, tafuta barabara tupu asubuhi, fungua vioo, usipakie mtoto yeyote nyuma, na kabla ya kukanyaga esansi kwa mara ya kwanza, kanyaga freni mara tatu ukiwa katika mwendo mdogo, uone kama gari linavuta upande.