Asilimia kumi si gharama yote

Walimu na wanafunzi wanaotunga programu huria, yaani zile ambazo mtu yeyote aweza kuzitumia, kuzinakili na kuzirekebisha bila malipo, hufika siku wakahitaji mahali pa kuweka fedha za msaada. Aghalabu mfadhili hakubali kutuma fedha katika akaunti ya mtu binafsi. Ndipo linapozuka wazo la shirika mlezi: chama kikubwa kilichosajiliwa hupokea fedha kwa niaba ya kikundi, hutunza hesabu zake, kisha hujikatia ada.

Ada hiyo ndiyo izushayo mabishano, nami naona yapewa uzito kuliko inavyostahili. Huko Marekani, Software Freedom Conservancy hukata asilimia 10, na Software in the Public Interest asilimia 5. Katika msaada wa shilingi 800,000, asilimia 10 ni shilingi 80,000. Ni nyingi kwa mwalimu, sikatai. Lakini kikundi cha Garissa kikijisajili chenyewe kuwa shirika la manufaa ya umma, chini ya sheria iliyoanza kutumika Mei 2024, kitamlipa mkaguzi wa hesabu, kitaandika ripoti kila mwaka, na mtu wake atapanda basi la Nairobi, safari ya kilomita zipatazo 370, kila karatasi moja ikikosekana.

Tena sisi wa Kaskazini Mashariki tuna la kukumbuka. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, Aprili 2, 2015, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za hawala. Muhuri na Haki Africa, mashirika ya kutetea haki huko Mombasa, yalifungiwa akaunti zao hadi Mahakama Kuu ilipoamuru zifunguliwe Novemba mwaka huo. Kikundi kidogo kisicho na wakili kingestahimilije miezi hiyo?

Hata hivyo, mwavuli nao hukunjwa. Februari 2024, Open Collective Foundation ya Marekani, iliyokuwa ikilea miradi zaidi ya 600, ilitangaza kwamba itajivunja kufikia mwisho wa mwaka. Miradi ikabidi itafute mlezi mwingine au itumie salio lake upesi.

Programu yenyewe haipotei, kwa kuwa kila mtu anayo nakala. Vinavyoweza kupotea ni jina la mradi, anwani yake ya mtandao na salio. Akina mama wa ayuuto hukubaliana zamu za kupokea kabla shilingi ya kwanza haijatolewa. Kwa nini walimu watie sahihi bila kuuliza salio litahamishwa kwa muda gani, na jina ni mali ya nani?

Kwa kikundi kichanga, mimi ningelipa asilimia 10 hiyo kwa miaka miwili mitatu, huku kikundi kikijisajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 ili jina na anwani vibaki mikononi mwake. Mkataba usiotaja namna ya kuondoka nisingeutia sahihi, hata kama ada yake ingekuwa asilimia 2.