“Vumilia, utazoea” si jibu



Kila mwaka wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza wanatoka hapa Manibe kwenda shule za bweni, na kila muhula wapo wanaorudi wakiwa wamenyamaza. Mpwa wangu alinyang’anywa sabuni na sukari wiki ya kwanza, kisha akafanywa mtumwa wa kufua mashati ya wanafunzi wakubwa usiku. Alipomwambia mwalimu, walichapwa wote wawili, yeye na mwonevu wake, “ili wajifunze kuelewana.” Tangu hapo hakusema tena. Angesema kwa nani?

Sisi nyumbani tunachangia. Mtoto akilalamika tunamwambia, “Vumilia, utazoea, hata sisi tulipitia hayo.” Mimi nasema tulipitia dhuluma, na hatuna sababu ya kuirithisha.

Sheria iko wazi. Marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Watoto ya Uganda yanamlinda mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili, yanakataza viboko shuleni, na yanamtaka mwalimu anayeamini kuwa mtoto ananyanyaswa atoe taarifa. Basi fimbo haiwezi kuwa dawa ya uonevu. Inamfundisha mkubwa kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki.

Nawaomba walimu wakuu wa Arua na Koboko: msikilizeni mtoto peke yake, mwiteni mzazi wa mwonevu, na ingieni bwenini baada ya taa kuzimwa. Wazazi wenzangu, Sauti, simu ya kuwasaidia watoto, ni 116, bila malipo.

Mzazi,
Manibe, Arua